Tabaka la upatanifu: gemu ya Windows inavyochezeka kwenye Mac

Ukiuliza kama gemu fulani inacheza kwenye Mac ukajibiwa "ndiyo", bado hujajibiwa. Ndiyo hiyo ina maana mbili. Huenda watengenezaji wenyewe wameiunda upya gemu yao kwa ajili ya Mac, nayo sasa inazungumza na chipu na mfumo wa Apple bila mtu wa kati. Hilo ndilo toleo asilia. Au huenda gemu ni ileile ya Windows, na faili zake bado zinaishia na .exe, ila imewekwa juu ya programu inayopokea kila inachoomba na kukitafutia jawabu upande wa Mac. Programu hiyo ndiyo tabaka la upatanifu.

Mchezaji anaona picha zilezile kwenye kioo. Lakini kinachopita chini yake ni tofauti kabisa, na ukikielewa utajua gemu ipi inafaa kuisubiri na ipi utaisubiri mpaka uchoke.

Kwanza tuondoe vitu viwili vinavyochanganywa na tabaka hili. Kuanzia 2006, Mac zilipokuwa na prosesa za Intel, Apple ilitoa Boot Camp, iliyokuwezesha kusakinisha Windows kamili kwenye diski na kuwasha kompyuta ikiwa Windows. Hapo hapakuwa na upatanifu wowote. Mac iligeuka kuwa kompyuta ya Windows mpaka uizime. Mac zenye chipu za Apple hazina Boot Camp. Kitu cha pili ni mashine pepe, kama ile ya Parallels, ambayo huwasha Windows nzima ndani ya dirisha huku mfumo wa Mac ukiendelea kufanya kazi. Tabaka la upatanifu haliwashi Windows yoyote, wala huhitaji kuwa na Windows. Linaijibu gemu kama ambavyo Windows ingeijibu.

Gemu ya Windows ikifika kwenye Mac ya leo inakuta lugha tatu isizozijua, na kila moja ina mfasiri wake. Malalamiko mengi kuhusu gemu "zinazogoma" yangepata ufumbuzi mapema kama watu wangejiuliza kwanza ni mfasiri gani kati ya hao watatu aliyekwama.

Lugha ya kwanza ni ya prosesa. Tangu Novemba 2020, Mac zenye chipu ya M1 zilipotoka, Apple imehamia kwenye amri za ARM, wakati gemu za Windows karibu zote zimeundwa kwa amri za x86 zinazoeleweka na prosesa za Intel na AMD. Anayefasiri hapa ni Rosetta 2, programu ya Apple yenyewe, na anafanya kazi nzuri kuliko wengi walivyotarajia. Sababu mojawapo iko ndani ya chipu yenyewe. Prosesa za x86 zina sheria kali: kiini kimoja cha prosesa kikiandika vitu viwili kwenye kumbukumbu, viini vingine lazima vione mpangilio uleule. ARM haina ukali huo, kwa hiyo mfasiri wa kawaida angelazimika kupachika amri za ulinzi kila mahali, na gemu ingekuwa nzito. Apple iliweka kwenye chipu zake hali maalumu inayofuata mpangilio wa x86, na Rosetta huitumia hiyo. Hata hivyo palikuwa na pengo: baadhi ya gemu mpya zilihitaji AVX2, amri za ziada za x86, Rosetta ilikuwa haizijui, na gemu hizo zilianguka papo hapo zikifunguliwa. Zilipoongezwa kwenye macOS Sequoia, toleo la mfumo wa Mac la mwaka 2024, kikwazo hicho kikaondoka.

Lugha ya pili ni ya mfumo endeshi. Gemu haifungui faili yenyewe, haitoi sauti yenyewe, wala haisomi kipanya yenyewe. Inaiomba Windows, kwa majina maalumu ya huduma. Hapa ndipo ilipo kazi ya Wine, mradi ulioanza 1993 ili programu za Windows ziendeshwe kwenye mifumo ya jamii ya Unix. Wine ina maktaba zenye majina yaleyale ya zile za Windows, ila ndani zimeandikwa upya kuanzia mstari wa kwanza bila msimbo wa Microsoft. Gemu ikiita jina, anayeitika ni Wine. Ndiyo maana jina lenyewe ni kifupi cha maneno yanayosema kwamba Wine si emuleta: haiigizi kompyuta nyingine, inatoa huduma zilezile kwa mkono mwingine.

Ugumu wake ni kwamba huduma hizo ni maelfu, na gemu nyingine hutegemea hata makosa ya Windows. Kama Windows hurudisha jibu la ajabu mahali fulani na gemu ikazoea jibu hilo, Wine lazima irudishe jibu hilohilo la ajabu. Kazi hii haiishi. Toleo la 1.0 la Wine lilifika mwaka 2008, miaka 15 baada ya kuanza, na marekebisho hayajakoma. Nawaheshimu sana wanaoifanya, kwa sababu ikifanywa vizuri hakuna anayeiona.

Watumiaji wa CrossOver, programu ya kulipia ya CodeWeavers iliyojengwa juu ya Wine, wanalijua neno "chupa". Chupa ni folda yenye diski C ya kujifanya, pamoja na mipangilio na maktaba zake. Kila gemu ikipewa chupa yake, unaweza kuharibu moja bila kuzigusa nyingine. Ni jambo dogo lakini huokoa saa nyingi za kusakinisha upya.

Lugha ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni ya picha. Gemu za Windows huchora kwa DirectX, lugha ya Microsoft. Mac ina Metal, lugha ya Apple iliyofika kwenye kompyuta zake mwaka 2015. OpenGL, ambayo ingekuwa daraja, Apple iliiacha kwenye toleo la 4.1 na mwaka 2018 ikatangaza kwamba haitaiendeleza. Vulkan, lugha ya kisasa iliyo wazi kwa wote, Apple haikuipokea kabisa.

Kwa miaka kadhaa, basi, picha ya gemu ya DirectX 11 ilifika kwenye kioo cha Mac baada ya kufasiriwa mara mbili. DXVK iliigeuza DirectX kuwa Vulkan, kisha MoltenVK ikaigeuza Vulkan kuwa Metal. Kila mfasiri hula muda, na muda wenyewe ni haba: gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde ina kama milisekunde 16.7 kwa kila fremu, na ndani ya hizo lazima ifikirie, ihesabu na ichore. Tena baadhi ya vitu vilivyomo kwenye DirectX havina neno kwenye Metal, ikabidi vizungukwe. DirectX 12 ilikuwa ngumu zaidi, na gemu nyingi zilizoitegemea hazikufunguka.

Mwezi Juni 2023 Apple ikatoa Game Porting Toolkit. Ndani yake mlikuwa na D3DMetal, inayopokea maombi ya DirectX 11 na 12 na kuyapeleka Metal moja kwa moja, hatua moja badala ya mbili. Apple iliikusudia kwa watengenezaji, ili waone gemu yao ingeendaje kwenye Mac kabla hawajaanza kuihamisha. Wachezaji hawakungoja kualikwa. Katika siku chache watu walikuwa wakionyesha Cyberpunk 2077 ikitembea kwenye Mac zao, na baadaye mwaka huohuo D3DMetal ikaingia kwenye CrossOver.

Kuna jambo moja la lugha hii ya picha ambalo wageni wote hukutana nalo. Gemu huja na sheda, vijiprogramu vinavyoiambia chipu jinsi ya kupaka rangi, mwanga na kivuli. Kila sheda lazima ifasiriwe mara ya kwanza inapohitajika, na hapo ndipo gemu inaposita nusu sekunde ukifungua mlango mpya au adui mpya akitokea. Ikishafasiriwa huhifadhiwa. Kwa hiyo usiihukumu gemu kwa dakika kumi za mwanzo. Ipite sehemu ileile mara mbili. Kama mara ya pili ni laini, tatizo lilikuwa sheda tu. Kama bado inakwamakwama, basi chipu imezidiwa, na cha kufanya ni kupunguza ukubwa wa picha.

Ipo sehemu ambayo mfasiri hata aje stadi namna gani hapiti. Gemu nyingi za kushindana mtandaoni hutumia programu za kuzuia udanganyifu zinazoingia kwenye kiini cha Windows (kernel), sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, na kukagua kila kinachoendelea. Chini ya Wine kiini hicho hakipo. Mkaguzi akikosa anachokitafuta, au akiona kuna kitu kimesimama kati yake na mfumo, anafunga mlango, na kwa upande wake ana haki, maana hiyo ndiyo sura ya mdanganyifu pia. Valorant ni mfano wake: haina toleo la Mac, na tabaka la upatanifu halisaidii. League of Legends ya kampuni hiyohiyo ina toleo la Mac, na watu wanaicheza kwenye Mac kila siku. Kwa gemu za namna hii, toleo la Mac ndilo njia pekee ya kuziendesha kwenye mfumo wa Mac wenyewe, na anayejaribu kumzunguka mkaguzi anahatarisha akaunti yake.

Sasa hilo suala la kusubiri. Cyberpunk 2077 ilitoka kwenye Windows mwezi Desemba 2020, na toleo lake la Mac lilitoka tarehe 17 Julai 2025. Ni miaka minne na nusu. Kwa miwili ya mwisho, mtu aliyekuwa na Mac yenye nguvu angeweza kuicheza kwa kufasiriwa. Toleo asilia lilipofika halikuhitaji chupa wala kuhangaika na mipangilio, na aliyeinunua Steam, duka la gemu la mtandaoni la kampuni ya Valve, alilipata bila kulipa tena. Kwake kusubiri na kutosubiri viliishia mahali pamoja. Resident Evil Village ilikuwa kinyume: toleo la Mac la Oktoba 2022 liliuzwa kwenye duka la Apple peke yake, hivyo aliyekuwa nayo Steam alitakiwa kuinunua upya au kuendelea na tafsiri. Kabla ya kusubiri toleo la Mac, jiulize litauzwa wapi.

Kwa gemu ya miaka kumi iliyopita ambayo haijawahi kutolewa kwa Mac, ushauri wangu ni kuacha kusubiri. Timu iliyoitengeneza imeshahamia kazi nyingine, na kuihamisha kungegharimu kuliko mauzo yake. Na gemu hizo za zamani ndizo tabaka la upatanifu linazoziweza zaidi, kwa sababu haziibani chipu ya leo.

Kuna tukio ambalo wanaoliona toleo asilia kuwa jambo la kudumu wanapaswa kulijua. Mwaka 2010 Valve ilileta Portal na Half-Life 2 kwenye Mac, matoleo asilia yaliyopokelewa kwa shangwe. Yalikuwa ya biti 32, muundo wa zamani wa programu. Oktoba 2019 ikatoka macOS Catalina, iliyokataa programu zote za biti 32, na matoleo hayo yakafa siku mtu aliposasisha mfumo wake. Mwezi Desemba mwaka huohuo CodeWeavers ikatoa CrossOver 19, iliyopata njia ya kuendesha programu za Windows za biti 32 ndani ya mfumo wa biti 64 pekee. Portal ya Windows ikawa inachezeka kwenye Mac ambayo Portal ya Mac haiwezi kufunguka. Gemu asilia huishi kadiri mwenyewe anavyoendelea kuihudumia. Ya Windows huishi kadiri wanaoihudumia Wine wanavyoendelea. Kwa gemu iliyotelekezwa, hao wa pili mara nyingi ndio wenye subira.

Nao pia si wa kuchukuliwa kwamba watakuwepo tu. Whisky, programu ya bure iliyowarahisishia wengi Game Porting Toolkit, ilisimamishwa na mtengenezaji wake mwaka 2025, akiwashauri watumiaji wahamie CrossOver. CodeWeavers ndiyo mchangiaji mkubwa wa Wine, na wanaolipia CrossOver husaidia kuwalipa wahandisi wake. Anayetumia tabaka hili kila siku na ana uwezo, naona inampasa kuchangia.

Rosetta nayo ina ukomo uliotangazwa. Juni 2025 Apple ilisema itaendelea nayo kikamilifu hadi macOS 27, na baada ya hapo itabakiza sehemu yake kwa ajili ya gemu za zamani zisizohudumiwa tena. Hili linayagusa hata matoleo yanayouzwa kama ya Mac, kwa kuwa lebo hiyo imewahi kubeba mambo mengi. The Sims 3 ilipotoka 2009 iliuzwa kama gemu ya Mac, ilhali ndani ilikuwa ya Windows iliyofungwa kwenye Cider, tabaka lililotokana na Wine. Na zipo gemu za Mac kwelikweli zilizoundwa kwa Intel, ambazo hazijawahi kuundwa upya kwa ARM. Ukitaka kuijua yako, ifungue, kisha fungua Activity Monitor, programu ya Mac inayoorodhesha kila kinachoendeshwa, na utazame safu ya aina ya programu. Ikiandikwa Apple, inazungumza na chipu yenyewe. Ikiandikwa Intel, basi hata kama kasha lake linasema Mac, Rosetta ndiyo inayoibeba.