Maneno Yaliyouzwa Kangomba

Kwa mtu wa Newala, Tandahimba au Masasi, kangomba haihitaji kufafanuliwa. Mwezi wa saba mkulima amebanwa na ada ya shule, mikorosho ndiyo kwanza inapuliziwa salfa, anatokea mtu na pesa taslimu na kulichukua zao likiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Imepigwa marufuku na bado ipo. Minada ikifunguliwa Oktoba, mkulima yule anafika ghalani kama wenzake, lakini mzigo aliobeba si wake tena.

Maneno nayo huuzwa hivyo. Katika kufundisha mawasiliano ya umma hapa Mtwara nakutana na vijana wengi wenye podikasti na chaneli za uchambuzi: mpira, siasa, gesi, korosho. Nikiwauliza ni nani anayeweza kuwapokonya uhuru wao, wanaitaja serikali, wanazitaja kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 zilizoandikwa upya 2020, wanamtaja mwanasiasa mwenye bahasha. Hayo yapo, na yana mjadala wake. Ambaye hawamtaji ni msikilizaji anayewapenda.

Chukulia kijana mmoja wa Masasi, wa kubuni tu. Ana simu na kipaza sauti cha kubana kwenye kola. Kila baada ya mnada anaeleza bei ya juu, bei ya chini, tani zilizouzwa na makato. Watu arobaini wanamsikiliza. Siku moja hasira zinampanda, anawaita viongozi wa chama cha msingi cha ushirika wezi, na usiku huo wasikilizaji wanafika elfu sita. Wiki inayofuata anarudi kwenye bei na makato, wanabaki mia. Hakuna aliyempigia simu kumwagiza chochote. Amejifunza mwenyewe, kama mwimbaji wa taarabu anavyoujua ubeti unaotunzwa, akaurudia mpaka ukumbi ukasimama.

Tofauti ni kwamba mwimbaji alikadiria kwa macho, huku mchambuzi wa leo anapewa kipimo. YouTube inamchorea mwenye chaneli mstari unaoonyesha watu walipoondoka. Mara nyingi mstari huo huporomoka pale alipoanza kusema “lakini”. Pesa nayo imo: chaneli hufikia mgawo wa matangazo ikiwa na watu 1,000 waliojiunga na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, kisha mwenye chaneli anachukua asilimia 55. Ila kwa chaneli nyingi za huku kwetu fedha hiyo ni ndogo kuliko majirani wanavyodhani, na sioni kama ndiyo kamba inayomfunga. Kamba ni salamu. Anayekuandikia maoni usiku ndiye utakayepanga naye foleni mashineni asubuhi. Bodaboda anakataa nauli yako: “Acha bwana, juzi umewapasua!” Utamwambiaje mtu huyo, wiki ijayo, kwamba amekosea?

Na siku ya kumwambia hufika. Mzigo umeshushwa daraja kwa sababu wakulima wenyewe, baadhi yao, wamechanganya korosho za msimu uliopita na nyingine zenye unyevu. Au bei imeyumba kwa sababu wanunuzi wa India na Vietnam, wanaochukua sehemu kubwa ya korosho ghafi yetu, wamepata mzigo wa kutosha Afrika Magharibi. Kijana anajua, karatasi anazo mkononi. Anawasha kipaza sauti, anasema “wezi” kwa mara ya kumi. Pengine siku hiyo wezi hawakuwapo kabisa. Ila zao lake alishaliuza mwezi wa saba.

Anayefanya hivyo kwa ajili ya mwanasiasa tumempa jina, chawa. Chawa wa wasikilizaji hatujambatiza, maana machoni petu anaonekana shujaa.

Asidhani mtu kwamba huu ni udhaifu wa vijana wenye simu moja. Usiku wa Novemba 3, 2020, kituo cha Fox News cha Marekani kilitangaza kwamba Joe Biden ameshinda jimbo la Arizona. Watazamaji wake wengi walikuwa upande wa Donald Trump. Walikasirika, na baadhi wakahamia kituo kingine, Newsmax. Wiki zilizofuata, madai kwamba mashine za kampuni ya Dominion ziliiba kura yakapewa nafasi hewani. Dominion ikaenda mahakamani. Ujumbe wa ndani uliowekwa wazi katika kesi ulionyesha kwamba watangazaji na wakubwa kadhaa faraghani hawakuyaamini madai hayo, na kwamba waliwahofia watazamaji waliokuwa wakiondoka. Aprili 2023 Fox ikakubali kulipa dola milioni 787.5. Wanasheria walikuwepo, fedha zilikuwepo, ukweli waliujua.

Simaanishi mchambuzi awazibie watu masikio. Mkulima anayepiga picha ya stakabadhi yake na kusema “hesabu yako ya makato si sahihi” anamsaidia kuliko mhariri yeyote. Huyo ameleta taarifa. Anayeandika “siku hizi umenunuliwa” bila karatasi ameleta hasira, nayo haina cha kusahihisha. Kazi ni kuwatenganisha hao wawili, jambo gumu saa nne usiku ukiwa na maoni mia tatu kwenye kioo.

Hapo jaribio la mwanasaikolojia Solomon Asch linafaa. Mwaka 1951 aliwaketisha watu kundini na kuwauliza mstari upi unalingana kwa urefu na mwingine, swali la kitoto. Wenzao walikuwa wamepangwa kujibu vibaya kwa makusudi. Karibu theluthi moja ya majibu ya wasiojua mpango huo yalifuata kosa la kundi. Wengine walipoandika jibu kwa siri badala ya kulitamka, kufuata kundi kulipungua sana. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu: andika msimamo wako na sababu zake kabla hujafungua maoni, weka tarehe, na ukiubadilisha, waeleze wasikilizaji ni taarifa ipi iliyokubadilisha. Na usiache kazi inayokulisha, hata kama ni duka la vipuri, kwa sababu ya mwezi mmoja mzuri mtandaoni.

Asch aligundua pia kwamba mwenzako mmoja tu akijibu sahihi, nguvu ya kundi huporomoka. Hili ni la msikilizaji. Minada itakapoanza, mchambuzi wako akisema jambo lililokuuma na ushahidi akauweka mezani, usimtumie pongezi faraghani. Mwandikie palepale penye matusi, kwa jina lako.