Akiba ya kivinjari na folda zake zilizofichwa

Akiba ya kivinjari, ambayo mafundi wengi huiita kashe, ni sehemu ya diski ya kompyuta ambamo kivinjari kama Chrome au Firefox huweka nakala za picha, fonti na vipande vya programu vilivyokwisha kupakuliwa kutoka mtandaoni, ili ukurasa ule ule ukifunguliwa tena visipakuliwe upya. Kwa nyumba ya Wete au Mwanakwerekwe inayoingia mtandaoni kwa bando la simu, jambo hili si dogo, kwani nembo na picha za tovuti inayotembelewa kila siku hulipiwa mara moja na baada ya hapo husomwa kwenye diski. Ndiyo maana siafiki mazoea ya kufuta akiba kila jioni kwa dhana ya kuisafisha kompyuta. Mwenye kufanya hivyo hukinunua tena asubuhi kile alicholala nacho.

Muda wa nakala kutumika huamuliwa zaidi na tovuti yenyewe. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, inapotuma faili huambatanisha maelezo ya idadi ya sekunde ambazo faili hiyo itahesabika kuwa bado mpya: 86400 ni siku moja, na 31536000 ni mwaka mzima. Muda huo ukimalizika, kivinjari huweza kuiuliza seva iwapo faili imebadilika, na kama haijabadilika seva hujibu kwa namba 304 bila ya kuituma tena. Tatizo huzuka pale tovuti inapobadilisha faili kabla ya muda iliyoupanga yenyewe. Mtu wa Chake Chake anaweza kufungua ratiba ya boti za Unguja akaona picha ya ratiba ya mwezi uliopita, ilhali jirani yake, kwa kompyuta nyengine, anaiona mpya. Hapo hapana haja ya kufuta chochote. Kwenye Windows, kubonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja hukilazimisha kivinjari kuuchukua ukurasa huo upya.

Sasa tuje kwenye folda zenyewe. Katika Windows, akiba hukaa ndani ya folda iitwayo AppData, iliyomo kwenye folda ya kila mtumiaji na iliyowekewa alama ya kufichwa na Windows yenyewe. Katika Mac, folda ya Library ya mtumiaji imefichwa vivyo hivyo tangu mwaka 2011. Wapo wanaoingiwa na hofu wakidhani folda iliyofichwa ni kazi ya virusi, na hofu hiyo haina msingi: folda imefichwa kwa sababu ni mahali pa programu kufanyia kazi zake. Ukiingia ndani ya akiba ya Chrome utakuta faili zenye majina kama data_1 na f_0000a3, zisizo na kiambishi cha kuonesha kama ni picha au maandishi, na kivinjari huzitambua kwa orodha yake maalumu. Kuzihamisha moja moja kwa mkono ni kuivuruga orodha hiyo.

Njia fupi ya kufika huko, bila ya kubadilisha mpangilio wowote, ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika %LOCALAPPDATA%, kisha Enter. Akiba ya Chrome imo katika Google, Chrome, User Data, Default, kwenye folda iitwayo Cache. Ya Firefox imo katika Mozilla, Firefox, Profiles, ndani ya folda yenye jina la herufi zisizo na mpangilio, na hapo huitwa cache2. Asiyeiona Default huenda anatumia wasifu (profile) mwengine wa Chrome. Akiandika chrome://version kwenye sehemu ya anwani ataoneshwa njia kamili. Tena, pale ambapo baba, mama na watoto kila mmoja ana akaunti yake ya Windows, kila mmoja ana AppData yake, kwa hiyo kufuta akiba ya mmoja hakupunguzi kitu kwa mwengine.

Jambo la kuangaliwa kwa makini kuliko yote ni kwamba, kwa upande wa Chrome, ndani ya Default hiyo hiyo zimo pia alamisho, historia na maneno ya siri yaliyohifadhiwa. Mwenye kufuta folda nzima ya User Data kwa kutafuta nafasi huvipoteza vyote hivyo pamoja na akiba. Kwa hiyo afadhali kufuta kupitia menyu ya kivinjari, inayofunguka kwa Ctrl, Shift na Delete, na kuchagua picha na faili zilizo kwenye akiba pekee.

Ikiwa baada ya hapo diski bado imejaa, kagua ukubwa wa folda ya Service Worker, iliyo jirani na folda ya Cache. Humo tovuti huweka nakala zao ili zifanye kazi hata pasipo mtandao, na nakala hizo huondoka kwa kuchagua, kwenye menyu hiyo hiyo ya kufuta, vidakuzi (cookies, vijifaili ambavyo tovuti hukutambulia) na data za tovuti. Chaguo hilo litakutoa kwenye akaunti ulizoingia, basi hakikisha kwanza unayakumbuka maneno yako ya siri.

Na iwapo umeamua kuifuta folda ya Cache kwa mkono, Windows inaweza kukataa kwa kudai kuwa faili zinatumika, kwa sababu Chrome huweza kuendelea kufanya kazi chinichini hata dirisha lake likishafungwa. Izime kabisa kupitia Task Manager, programu ya Windows inayoonesha na kuzima zinazoendelea kufanya kazi, kisha ufute. Kivinjari kitaiunda folda hiyo upya kitakapofunguliwa, na kwa kuwa kurasa za mwanzo zitapakuliwa zote tangu mwanzo, kazi hii ni bora ifanywe wakati bando lipo la kutosha.