Kunguru ndani ya neno "crowbar"

Mtaimbo mfupi wenye ncha iliyopinda na kupasuliwa katikati, ule ambao mafundi hung'olea misumari na kubandulia mbao, Waingereza huuita crowbar. Neno hilo limeunganishwa kutokana na crow, yaani kunguru, na bar, yaani pao la chuma.

Maneno hayo mawili hayakuanza pamoja. Kwa karne kadhaa chombo hiki kiliitwa crow tu, au iron crow, kunguru wa chuma, na jina hilo lilikuwapo tangu mnamo mwaka 1400. Bar iliongezwa baadaye sana. Crowbar likazoeleka kuanzia karne ya 18. Kwa hiyo kunguru ndiye jina lenyewe, na bar ni nyongeza ya kumsaidia msikilizaji ajue kwamba anayetajwa si ndege.

Msaada huo ulihitajika. Katika The Comedy of Errors, tamthilia ya Shakespeare ya miaka ya 1590, Antipholus wa Efeso anarudi kwake kula, akakuta kafungiwa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Kwa hasira anamtuma mtumishi wake Dromio akaazime crow wauvunje mlango. Dromio anamuuliza: kunguru asiye na manyoya? Mzaha huo una ladha kwa sababu hadhira ya London ilizijua maana zote mbili. Hata katika Romeo and Juliet, mtawa Laurence anaagiza aletewe iron crow haraka, kisha anakwenda kwenye kaburi alimolazwa Juliet.

Kwa nini kunguru, basi? Ni kwa sababu ya umbo, ila wataalamu hawakubaliani kama kilichofananishwa ni mdomo wake au mguu. Mimi naegemea mdomo. Kunguru ana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, ilhali ncha ya mtaimbo ina meno mawili. Waliotaka kuyataja meno hayo walimchagua mnyama mwenye kwato: Wafaransa husema mguu wa kulungu jike, Wahispania mguu wa mbuzi, Waitaliano mguu wa nguruwe, Wajerumani mguu wa ng'ombe. Mdomo wa kunguru ni mnene, umepinda kidogo kwenye ncha, na hupenya mwanya mwembamba kama chuma chenyewe kinavyopenyezwa chini ya ubao.

Wapo wanaolihusisha neno hili na Jim Crow, jina la ubaguzi dhidi ya Weusi nchini Marekani. Hilo si kweli, na inafaa lisahihishwe kila linaposikika. Jim Crow alikuwa mhusika wa maigizo ya kuwadhihaki Weusi, aliyevuma katika miaka ya 1830. Wakati huo mafundi wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuuita mtaimbo wao kunguru kwa takriban miaka 400.