"Basi tutafutane": uongo tunaoambiana kuhusu kufuatilia watu wa kazi

Nairobi hii watu wanajua kukutana. Leo kongamano KICC, kesho maonyesho Sarit, wiki ijayo semina ya Upper Hill ambayo nusu ya watu wamefuata samosa, na kila mtu anatoka hapo na namba mpya kwa simu. Shida huanza kesho yake. Hapo kwa "nimtext ama ninyamaze" ndio utasikia ushauri wa kila aina na mwingi wake ni wa kubahatisha tu.

"Kama alinipenda atanitafuta yeye."

Hakutafuti. Sio ati ana madharau, ni vile hajui namba yako ni gani. Mlipoachana ulimflash ukasema hiyo ndio yangu, yeye akasema sawa nitaseivu, halafu akavutwa mkono na mtu mwingine, na saa hii flash yako imelala kwa simu yake katikati ya mtu wa gesi na mtu wa lori la maji, na akijaribu kuangalia Truecaller inamwambia wewe ni "Fundi Gypsum Kasarani" juu kuna mtu alikuseivu hivyo zamani. Sasa atakupigia akisema nini?

Na hiyo hofu ati pengine ulimboesha, watu wameichunguza. Erica Boothby na wenzake walichapisha utafiti 2018 kwa jarida la Psychological Science, wakaona kwamba watu wakimaliza kuongea na mgeni, kwa kawaida mtu hudhani mwenzake hakumpenda sana, na kumbe alipendwa kuliko anavyofikiria. Yaani mnaweza kukaa kila mtu kwake mkiogopana bure.

"Ukimtext mapema utaonekana una njaa, ngoja wiki iishe."

Ukingoja wiki utajieleza upya kabisa. Tangu Hermann Ebbinghaus ajipime kumbukumbu mwenyewe na kuchapisha matokeo 1885, inajulikana kwamba kusahau hukimbia sana masaa ya kwanza halafu kunapunguza mwendo. Tuma jioni hiyo ama kesho asubuhi. Njaa haionyeshwi na saa uliyotuma, inaonyeshwa na ile sivii uliyobandika hapo bila kuulizwa.

"Anza na salamu kwanza, ni heshima."

Hapa nitakaa kidogo juu hapa ndio watu wengi wanaangukia. Mtu anatuma "Hi." Peke yake. Halafu anangoja. Baada ya masaa mawili anaongeza "Uko poa?" Yule mama ako kwa mkutano, anaona namba asiyoijua inamuuliza kama ako poa, anadhani ni wale wa kutaka mkopo ama wale wa "nimekutumia pesa kimakosa", anapita. Wewe unasema wakubwa wana kiburi.

Salamu ni muhimu, hakuna anayekataa, na kama ni mtu wa umri ama cheo muite madam, daktari, injinia, vile mlikuwa mnaitana hapo mlipokutana. Lakini salamu na neno lenyewe viende kwa meseji moja. Kitu kama hivi, baada ya kuandika majina yako mawili:

"Habari za asubuhi madam. Tuliongea jana Sarit tukiwa laini ya chai, ukasema wateja wenu wa Kitengela wanasumbuliwa na betri za sola. Ile orodha ya mafundi niliyokuahidi ndio hii. Ukiwa na nafasi ningependa kukupigia dakika kumi kuhusu hiyo kazi ya usambazaji, Alhamisi ama Ijumaa asubuhi, yoyote itakayokufaa."

Angalia imefanya nini. Imemkumbusha mahali, imemkumbusha maneno yake mwenyewe (hiyo ndio inafanya akukumbuke, sio shati yako), imeleta kitu kabla ya kuomba, na jibu lake linaweza kuwa neno moja tu: Alhamisi. Sasa linganisha na "tupange siku tukunywe kahawa". Nani apange? Wapi? Mtu wa Upper Hill ukimwita Westlands saa kumi na moja jioni hiyo kahawa ni jioni nzima imeenda, na ndio maana anakujibu "sawa, tutapanga" na nyote mnajua hamtapanga.

"Hizi za juu juu hazisaidii, bila mjomba ndani hupati kitu."

Sitakudanganya, mjomba anasaidia, tunaishi hapa. Lakini sio yeye tu. Mark Granovetter, mtaalamu wa sosholojia, aliwauliza watu wa Newton, Massachusetts, vile walipata kazi zao, akachapisha 1973: kati ya waliopata kupitia mtu wanayemjua, chini ya asilimia 17 ndio walikuwa wanaonana na huyo mtu mara kwa mara. Waliobaki walikuwa wanaonana naye mara moja moja ama kwa nadra. Watu wako wa karibu wanasikia habari zilezile unazosikia wewe. Halafu 2022 jarida la Science likatoa utafiti wa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, ikaonekana wanaosaidia zaidi kuhama kazi ni wale mnaojuana kiasi, sio wa karibu kabisa na sio wale hamjuani hata kidogo. Kwa hivyo kubonyeza tu "connect" na kunyamaza bado kunakuacha kwa wale wa mbali, na hizo meseji mbili tatu za kufuatilia ndio zinakusongeza mpaka hapo kwa kiasi.

"Nimuweke kwa grupu yetu ya WhatsApp ajue bidhaa zetu." Tafadhali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu akubali kabla utumie taarifa zake kufanyia biashara, na kupeana namba kwa laini ya chai sio kukubali matangazo.

"Amenyamaza, amekataa."

Pengine. Lakini pia pengine ni mwisho wa mwezi na anafunga hesabu, pengine alisoma akiwa kwa lifti akasema nitajibu nikifika. Tiki za bluu usizipe kazi ya kutafsiri moyo wa mtu, kuna waliozizima kabisa kwa setingi na wanasoma kila kitu. Mpe kama wiki moja hivi, utume ya pili, fupi, na iwe na kitu kipya ndani, sio "nakumbusha tu madam" halafu alama za mikono miwili. Hiyo nayo ikinyamaza mimi huacha, sipigi simu, sifiki ofisini kwao ati nilikuwa napita. Namba inabaki imeseiviwa na mahali tulipokutana kando ya jina, na siku nikiona tenda imetangazwa inayomhusu namrushia hiyo link na mistari miwili tu.