Kumkingia upepo mwendesha baiskeli si kushika 45

Wiki hii tena kijana kaniambia, "Kochi, nina miaka sita kwenye boda. Hiyo kazi ya kumtangulia mwendesha baiskeli kwa skuta akiwa mazoezini si kushika kilomita 45 kwa saa tu?" Nimechoka kulisikia.

Kushika 45 kunafaa pale Lwera, barabara ya Masaka hapa Uganda, ambako lami imelala katikati ya kinamasi. Ukirudi upande wa Mpigi, vilima vinakungoja. Skuta inakata upepo, mlima haiupunguzi hata kidogo. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 75, mwinuko wa asilimia 5 kwa mwendo wa 45 unadai wati 460 za kupandia tu. Kwa 30, ni kama 306. Basi punguza mlima unapoanza, usingoje mpaka umwone kwenye kioo amebaki kama mtoto aliyeachwa sokoni. Mteremko nao ni kinyume: ukifunga mafuta ghafla, injini inakushika wewe, yeye hana cha kumshika, anakuingia mgongoni. Hapo ongeza, umkimbie.

Dawa yangu ni kikombe cha maji, nusu, kwenye sakafu ya skuta kati ya miguu. Kikimwagika, mkono wako wa mafuta bado ni wa kuwahi abiria.

Eti boda yoyote inatosha? Kila gia ni mshtuko, na lile keria la chuma nyuma ni la kupasua uso. Lifungue kwanza.

Eti akikaribia zaidi ndiyo bora? Hapana: aache nusu mita hadi mita moja, macho yake juu ya bega lako, siyo kwenye tairi. Upepo ukitoka ziwani mkielekea Masaka, atajificha kuliani kwako, upande yanakopita malori ya mchanga. Kaa ukingoni kabisa umwachie nafasi. Mkirudi, anahamia kushoto, kwa hiyo achana na ukingo.

Wanaosema kukingiwa upepo na pikipiki ni udanganyifu waangalie keirini, mbio za baiskeli za uwanjani: wanaume wanaanza nyuma ya pikipiki inayowapandisha hadi 50, ndipo inatoka.

Na acheni kupigiana kelele za "ongeza" na "punguza". Kwenye upepo zote zinafika "-za". Sisi tunasema "Haya!" na "Pole!"