Mbwa Anapoishiwa Sukari Kazini

Alfajiri moja mlinzi wa shamba la mkonge, upande wa Pongwe hapa Tanga, alinipigia simu: "Daktari, Simba kapata kichaa. Anatetemeka, anapepesuka, hata ukimwita haitiki." Wenzake walikwisha kushika marungu. Nikamuuliza usiku kucha mbwa alikuwa na kazi gani. Kumbe alikimbizana na wezi kati ya mistari ya mkonge karibu saa nzima, naye hajala tangu jana yake asubuhi.

Nilipofika nilitazama kwanza kadi ya chanjo, nikavaa glovu, nikamtoboa sikio kidogo. Mashine ya kupima sukari ya damu ikasoma milimoli 2.4 kwa lita. Mbwa mzima huwa baina ya 4 na 6.5 hivi. Mashine za binadamu husoma damu ya mbwa chini kidogo, lakini hata ukilihesabu hilo, sukari ya Simba ilikuwa imekwisha. Makala haya nayaandika kwa sababu ya marungu yale.

Mbwa akitimka, misuli huanza kutumia akiba yake yenyewe ya sukari, iitwayo glaikojeni. Wakati huohuo homoni za adrenalini na glukagoni huliamuru ini limwage sukari kwenye damu, na insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu, inashuka. Ndiyo maana dakika za mwanzo sukari ya damu inaweza hata kupanda. Misuli inayofanya kazi huivuta sukari hiyo bila kuingoja insulini. Mbio zikirefuka, mwili hugeukia mafuta, na hapo mbwa anatupita sisi binadamu kwa mbali: mbwa wanaovuta sleji (vigari vya kuteleza kwenye theluji) kwenye mashindano ya Iditarod kule Alaska hukata zaidi ya kilomita 1,500, na mafuta ndiyo nguzo ya chakula chao. Ubongo, hata hivyo, bado unataka sukari, na akiba ya ini ni ndogo. Mbwa aliyeshinda na njaa ameshaila sehemu ya akiba hiyo kabla hajaingia lindoni.

Wapo wanaoamini kuwa mbwa mwenye njaa ndiye mkali. Siafikiani nao hata kidogo. Huko ni kumtuma mfanyakazi porini bila maji. Mbwa wetu wengi wa ulinzi hulishwa ugali wa pumba na vichwa vya dagaa. Tumbo linajaa, lakini nyama na mafuta ni haba. Ongeza nyama na mafuta yake, pole pole kwa wiki kadhaa, kwani mafuta ya ghafla huleta kuhara na hata kuvimba kongosho. Mlo mkubwa apewe baada ya kazi, akishaacha kuhema. Mlo mdogo uwe saa 4 au zaidi kabla ya kazi, maana mbwa mkubwa akikimbia na tumbo lililojaa, tumbo huweza kujipinda na kumuua.

Akianza kupepesuka, kazi isimame hapo hapo, apelekwe kivulini. Akiwa anahema kwa nguvu, mwili unachoma na fizi ni nyekundu sana, huenda ni joto, na kwa unyevu wa Tanga hilo ni jambo la kawaida: mmwagie maji, mpepee, kisha mlete haraka. Akiwa analegea na kutetemeka bila joto hilo, mpake asali au sukari iliyokorogwa na maji kwenye fizi. Aliyezimia usimmiminie kitu kooni, atapaliwa. Pipi na bazoka zisizo na sukari usizitumie kabisa. Nyingine zina xilitoli, ambayo kwa mbwa hufyatua insulini na kuzidi kuishusha sukari. Na mbwa asiye na chanjo, au aliyekwisha kumuuma mtu, usimtie mkono mdomoni. Mfungie mahali, utupigie. Kichaa cha mbwa kipo.

Simba alipakwa asali ya nyuki wadogo iliyokuwa kwenye chupa ya dawa. Baada ya robo saa hivi akanyanyua kichwa, akamtafuta mlinzi wake kwa macho. Siku hizi anakula kidogo saa nane mchana, anaingia lindo saa kumi na mbili jioni, na mlo wenyewe anaupata asubuhi. Jambo hili likijirudia kwa mbwa anayekula vizuri, mlete apimwe damu: huenda ni homa ya kupe, na kwa mbwa mzee huenda ni uvimbe ulioota kwenye kongosho.