Je, wajua? Kwa nini mtu mwenye usonji na ADHD kwa pamoja anapenda ratiba alafu haifuati

Kuna watu wanapanga ratiba ya wiki nzima kwa kalamu za rangi, wakiitazama roho inatulia kabisa, alafu ikifika Jumanne ratiba yenyewe imeshawachosha hawataki hata kuiona. Wakiiacha nayo, wasiwasi unaanza kwa sababu siku haina mpango. Ndugu wanasema huyu hajielewi. Kumbe inawezekana ana usonji (autism) na ADHD (hali ya ubongo inayofanya umakini na kutulia kuwa kazi ngumu) kwa wakati mmoja.

Usonji unataka mambo yajulikane mapema, njia ile ile, kikombe kile kile, mgeni apige simu kabla hajaja. ADHD yenyewe inataka kitu kipya, ubongo ukikosa cha kuuamsha unaenda kukitafuta wenyewe, hata kama ni saa sita usiku na mtu kesho ana kazi. Na usidhani moja inapoza nyingine, zinachofanya ni kufichana. Yule wa kuhakiki mlango mara tatu usahaulifu wake hauonekani, na mchangamfu anayeongea na kila mtu nani atamdhania usonji? Ndo maana wengi wanajijua ukubwani, tena mara nyingi kupitia mtoto: mzazi amekaa kwa daktari anajibu maswali kuhusu mwanae, na kila jibu anaona anajielezea yeye.

Sababu nyingine ni madaktari wenyewe, maana mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, DSM, toleo la nne la 1994, ulisema mtu akishakuwa na usonji basi usimwandikie ADHD. Katazo hilo liliondolewa kwenye toleo la tano, Mei 2013, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 nao unaruhusu vyote viwili. Kwa hiyo kama saivi una miaka thelathini na kitu, enzi zako za shule daktari aliyefuata kitabu kile asingeweza kukuandikia vyote. Na tafiti za familia na mapacha zinaonyesha hali hizi mbili zina sehemu ya urithi wa vinasaba inayofanana, so mambo ya malezi mabaya, kurogwa na chanjo tuyaache hapo hapo.

Sasa kuishi nazo. Mi naona kosa kubwa ni kumridhisha mmoja na kumnyima mwingine. Ratiba ya dakika kwa dakika ADHD itaivunja, na kuishi bila ratiba usonji utateseka, kwa hiyo unaweka vitu vichache visivyobadilika alafu ndani yake unaacha uhuru. Chakula cha usiku ni saa mbili na ni ugali, basi, ila mboga unachagua kati ya dagaa, mchicha na maharage, vyote unavijua, hakuna cha kukushtua. Alamu ya simu ukiizoea ubongo unaacha kuisikia, badilisha mlio kila baada ya muda ila saa ibaki ile ile. Kwenye daladala konda anaita, redio juu, honi, mtu anafika kazini ameshaisha nguvu, lakini ukimya mtupu nao haumfai, ndo maana wengi wanavaa hedifoni na kurudia wimbo mmoja asubuhi nzima. Wengine wanashangaa, ila pale kuna sauti ya kuuamsha ubongo na hakuna jipya la kuutisha!

Kazi isiyoanzika (vyombo, fomu, kujibu meseji) inaanzika mtu mwingine akiwepo chumbani hata bila kusaidia. Hii kwa wenye ADHD inajulikana sana, ila mwenye usonji pia inabidi aombe vizuri: dada njoo ukae hapa na kazi zako, ila tusiongee. Na harusi jamani, ADHD inakubali mwaliko Jumatatu kwa furaha zote alafu Jumamosi usonji ndo unalipa. Kaa karibu na mlango, aga mapema, na Jumapili usipange kitu.

Dawa za ADHD zipo lakini hazimkubali kila mtu. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2005 uliwapa methylphenidate, moja ya dawa hizo, watoto 72 wenye hali ya usonji na dalili za ADHD, karibu nusu wakapata nafuu na kama mmoja kati ya sita hivi aliacha kwa sababu ya madhara. Ndo maana daktari anayejua anaanza na dozi ndogo anapandisha taratibu. Na wewe ukirudi kwake usiongelee umakini tu, mwambie pia usingizi, hamu ya kula, na kama nguo zimeanza kukuwasha au kelele zinakuumiza kuliko zamani, kwa sababu wengine wanasema ADHD ikitulia upande wa usonji ndo unaanza kusikika zaidi.